Shangazi, wanataka kumlaza mwanangu mwenye usonji kwa dawa ndipo apimwe. Nikubali?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 6, na alipokuwa na miaka 3 na nusu tuliambiwa ana usonji. Maneno aliyonayo ni machache: "maji", "twende", "sitaki". Mengine yote anakushika mkono na kukupeleka penye kitu anachokitaka. Nyumbani ni mtoto mpole, ila kumgusa kichwa ni vita. Kunyoa tunamnyoa akiwa amelala usiku, leo upande huu, kesho upande wa pili.

Tangu Ramadhani iliyopita kumezuka jambo jipya. Anakuwa anacheza, mara anaganda, macho yanakwenda pembeni, mdomo unatafuna kitu ambacho hakipo, nikimwita hasikii. Inapita, anaendelea na mchezo wake. Halafu hivi karibuni akaanguka kabisa, akakakamaa, akatetemeka mwili mzima, akajikojolea, kisha akalala usingizi mzito mpaka jioni.

Daktari ametuandikia vipimo viwili, EEG, ile ya kubandika nyaya kichwani, na MRI, ile ya picha ya ubongo. Tulianza na EEG. Shangazi, sitaki hata kukumbuka. Walipoanza kumpaka ile dawa ya kubandikia nyaya kichwani alipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia. Wakamkamata mikono na miguu, mimi nikaambiwa nishike kichwa. Akamng'ata muuguzi. Mwisho wa yote mashine iliandika vurugu tu, tukaambiwa twende nyumbani, siku nyingine aje alazwe kwa dawa, na MRI nayo itafanyika hivyo hivyo. Hakuna aliyekaa chini akanieleza ni dawa gani, atampa nani, wala ina madhara gani. Tangu siku ile akiona mtu amevaa koti jeupe, hata muuza nyama wa buchani, anajificha nyuma yangu.

Sasa nyumbani kila mtu ana lake. Mama mkwe anasema nusu kaputi inaua ubongo, na mtoto mwenyewe akili tunaitafuta, tusije tukaimaliza. Baba yake anasema dawa ya nini, mtoto wa kilo 20 anashindikanaje kushikwa, ataenda amshike yeye mwenyewe. Kijana wa duka la dawa la mtaani kwetu anasema nisijisumbue, ataniuzia dawa ya maji ya Phenergan, nimnyweshe wakati tunatoka nyumbani, tukifika hospitali awe ameshalala. Na mama mmoja kwenye kundi letu la wazazi la WhatsApp anasema MRI ndiyo itakayoonyesha usonji umekaa wapi kwenye ubongo, ili utibiwe.

Jambo jingine ni njaa. Nimeambiwa asile wala asinywe kitu kuanzia usiku. Mwanangu akiamka ni uji, kwenye kikombe kile kile cha buluu, kabla hata ya kunawa uso. Ukichelewa anajigonga kichwa ukutani. Mtoto asiyejua "baadaye" ni nini nitamwambiaje angoje?

Nikubali alazwe? Na nikikubali, nimuulize nini daktari, na mtoto nimwandae vipi? Tarehe inakaribia.

Mama mwenye hofu, Tanga

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba binti yangu. Nakupa jibu kwanza, maana najua ndilo unalolisubiri. Ndiyo, kumlaza mtoto kwa dawa ili apimwe ni jambo la kawaida kwenye tiba, na kwa mtoto kama wako mara nyingi lina huruma kuliko yale mliyopitia. Ila ndiyo yangu ina masharti mawili: kipimo chenyewe kiwe kinahitajika, na anayemlaza awe amesomea kazi hiyo, ana vifaa, na hatoki pembeni mwa mtoto mpaka aamke. Kikikosekana kimoja, usiweke sahihi kwenye fomu ya ridhaa.

Nimekuwa muuguzi wa wodi ya watoto kwa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa safu hii, na kilichoniuma zaidi katika barua yako ni kwamba hakuna aliyekaa chini akakueleza. Kwa hiyo leo nitakaa mimi.

Mwenzako wa WhatsApp ana nia njema lakini amekosea. Usonji hauonekani kwenye MRI, hauonekani kwenye CT scan, na hakuna kipimo cha damu kinachosema mtoto huyu anao au hana. Unatambuliwa kwa kumtazama mtoto anavyocheza na anavyowasiliana, na kwa kumsikiliza mzazi. Mwongozo wa Uingereza wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya tiba, uliotoka mwaka 2011, unasema vipimo vya kitabibu visifanywe kwa mazoea eti kwa sababu mtoto anachunguzwa usonji. Vifanywe pale ambapo kuna dalili maalumu. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu kuna wazazi wanauza kiwanja ili mtoto apigwe picha ya ubongo, akalazwa kwa dawa bila sababu, kumbe pesa ile ingelipia mwalimu au mtaalamu wa kumfundisha kuzungumza. Ungeniandikia kwamba unataka MRI "tuone usonji", ningekuambia baki nyumbani.

Lakini wewe sababu unayo. Kifafa kinawapata watoto wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko watoto wengine. Kuganda, macho kwenda pembeni, mdomo kutafuna, kisha kuanguka na kutetemeka ni dalili za kufuatiliwa, na daktari aliyekuandikia EEG hajakosea. EEG inasoma umeme wa ubongo. MRI inaangalia umbo lake: kama kuna kovu, uvimbe, au sehemu iliyoumbika tofauti inayoanzisha ule umeme. Hata hivyo muulize daktari, kwa kila kipimo peke yake: unatafuta nini, na jibu likija hivi au vile, matibabu ya mwanangu yatabadilika namna gani? Daktari mzuri atakujibu kwa Kiswahili cha kawaida, wala hatakasirika.

Na kuna kipimo kimoja ambacho hakihitaji dawa wala nauli, nacho ni simu yako. Akiganda tena, piga video. Anza mapema, onyesha uso na mikono yote miwili, mwite jina isikike kama anaitika, na usiache kurekodi mpaka arudie hali yake. Kifafa kinatambuliwa zaidi kwa maelezo ya aliyeshuhudia kuliko kwa mashine. EEG iliyo safi haimaanishi mtoto hana kifafa, na daktari mwenye video nzuri mkononi anaweza kuamua kuanza dawa bila kungoja picha.

Sasa EEG. Hapa dawa haitakiwi kuwa hatua ya kwanza, na wewe mwenyewe umeshaandika njia bila kujua: kichwa chake kinagusika akiwa amelala. Zungumza na daktari kuhusu EEG ya usingizi. Mtoto anacheleweshwa kulala usiku, anaamshwa alfajiri, anafika hospitali amechoka, anasinzia mapajani mwako kwenye chumba chenye giza, ndipo nyaya zinabandikwa. Kinachoharibu mpango huu ni safari: mtoto anasinzia garini, akifika amechangamka. Nenda na mtu wa pili ambaye kazi yake ni kumchezesha njiani. Usingizi wenyewe husaidia kipimo, kwa sababu dalili nyingi za kifafa hujitokeza zaidi mtu akiwa amelala. Ila usimkeshe bila kukubaliana na daktari, kwa sababu uchovu unaweza kuamsha kifafa. Baadhi ya hospitali hutoa melatonini, ambayo humsaidia mtoto kusinzia na haivurugi sana maandishi ya mashine. Ikishindikana kabisa, dawa ya kulaza ichaguliwe pamoja na anayesoma EEG, kwa sababu dawa za jamii ya diazepamu zinabadilisha mawimbi ya ubongo na zinaweza kuficha kile kile mnachokitafuta.

MRI ni habari nyingine. Pale mtoto anaingizwa kwenye tundu refu, anatakiwa atulie bila kutikisika kwa dakika 20 hadi 45, na mashine inagonga kwa sauti inayovuka desibeli 100. Hapa ndipo nina neno kwa baba yake, na namwambia kwa heshima zote. Baba, nguvu zako hazitatoa picha. Mtoto anayelia huku ameshikwa anatikisika, na akitikisika picha inakuwa ukungu, mnarudi nyumbani mikono mitupu. Kibaya zaidi ni kinachobaki kichwani mwake. Mtoto anayejificha akimwona muuza nyama ameshajifunza kwamba koti jeupe ni maumivu, na kila akikamatwa kwa nguvu ndivyo daktari wa meno, chanjo na hata sindano ya malaria vitakavyokuwa vigumu huko mbele. Kumkumbatia mtoto sekunde chache achomwe sindano ni sawa. Kumkandamiza nusu saa ni kumtesa, na nawaambia hivyo hata wauguzi wenzangu.

Hofu ya mama mkwe isipuuzwe, ina chanzo. Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa za usingizi zikitumika kwa zaidi ya saa 3 mfululizo, au mara kwa mara, kwa watoto wa chini ya miaka 3, huenda zikaathiri ukuaji wa ubongo. Lakini tazama onyo linamhusu nani. Wako ana miaka 6, na MRI kwa kawaida haifiki saa nzima. Kuna utafiti mkubwa uliofuatilia watoto wachanga waliopasuliwa ngiri katika nchi kadhaa, baadhi kwa nusu kaputi ya muda mfupi na wengine kwa ganzi wakiwa macho. Matokeo ya mwaka 2019, watoto wakiwa na miaka 5, hayakuonyesha tofauti ya akili kati ya makundi hayo mawili. Mweleze mama hivyo, taratibu, na umwambie pia kwamba degedege za mara kwa mara zisizotibiwa nazo zina madhara yake.

Hatari ya kweli ya dawa hizi, binti yangu, ni pumzi. Mtoto akilala sana, ulimi unalegea na kuanguka nyuma, njia ya hewa inabanwa. Kifua kinaweza kuonekana kinapanda na kushuka huku hewa haiingii, na mtoto mdogo hana akiba ya oksijeni ya kumvusha muda mrefu. Ndiyo maana nikisema vifaa namaanisha vitu unavyoweza kuviona kwa macho: kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni, mtungi au bomba la oksijeni linalofanya kazi, mashine ya kufyonza mate na matapishi, mpira wa kumpulizia hewa wenye maski ya ukubwa wa mtoto. Na namaanisha mtu mmoja ambaye kazi yake wakati ule ni kumwangalia mwanao tu, si kubonyeza mashine ya picha na kumwangalia kwa jicho la pembeni.

Mtu huyo ni mtaalamu wa usingizi, yaani wa nusu kaputi. Hapa kwetu ni wachache. Shirikisho la dunia la wataalamu wa usingizi linapendekeza angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000, na nchi nyingi za Afrika Mashariki hazifiki hata 1. Kwa hiyo usishtuke ukikuta atakayemlaza ni muuguzi aliyesomea usingizi. Wengi wanaoifanya kazi hii nchini ni wao, na wanaijua. Cha kukushtua ni kusikia kwamba "dada wa pale kwenye mashine atampa dawa kidogo".

Ukishaelewa habari ya pumzi utaelewa kwa nini namkatalia kabisa yule kijana wa duka la dawa. Usimpe Phenergan, usimpe Piriton, usimpe dawa yoyote ya kumlaza ukiwa nyumbani. Dawa iliyomo kwenye Phenergan tangu 2004 ina onyo kali Marekani, hairuhusiwi kwa watoto wa chini ya miaka 2 kwa sababu iliwahi kuzuia pumzi na kuua. Wako amevuka umri huo, lakini fikiria: amelala mgongoni mwako kwenye daladala, kichwa kimeinamia kifuani, nani atajua amepungua pumzi? Kisha mkifika anaongezewa dawa ya hospitali juu ya ile ambayo hukuitaja. Madaktari wa watoto wa Marekani nao wanaagiza kwamba dawa ya kumlaza mtoto kwa kipimo itolewe hospitalini, mbele ya wanaomwangalia. Na dawa za aina hii kwa watoto wengine hugeuka, badala ya kusinzia wanahangaika kama wamepagawa.

Dawa atakayopewa ataichagua mtaalamu, lakini jua majina usije ukapigwa na butwaa. Anaweza kuanza na midazolamu ya kunywa au ya kupulizia puani ili atulie, halafu propofoli kwenye mshipa, au gesi ya kuvuta kwa maski. Huenda pia ikatumika ketamini, ambayo imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu tangu 1985 na hospitali zetu zimeizoea, kwa sababu mara nyingi pumzi inaendelea vizuri. Mtoto aliyepewa ketamini anaweza kulala macho yakiwa wazi, yanacheza huku na huku, mate yanamtoka. Akina mama wengi huanza kulia wakidhani mtoto ameondoka. Ndivyo dawa hiyo inavyofanya kazi.

Mtaalamu huyo mwambie kila kitu, hata ambacho hakukuuliza. Mtoto anakoroma usiku au ana mafindofindo makubwa? Alipata mafua au kikohozi wiki hizi mbili? Tarehe ikifika anakohoa, piga simu iahirishwe, kwa sababu njia ya hewa yenye mafua huziba upesi. Katika ukoo kuna aliyewahi kupata shida akiwa kwenye nusu kaputi? Anakunywa dawa gani, pamoja na za mitishamba? Na ana miaka 6, basi mtazame meno: jino linalocheza litajwe, lisije likadondoka likaingia kwenye njia ya hewa.

Kuhusu njaa, sheria hii haina mjadala, na sababu yake ni kwamba mtu aliyelazwa hawezi kulinda koo lake. Chakula kikirudi kinaingia mapafuni. Kwa kawaida chakula kinakoma zikiwa zimebaki saa 6 kabla ya dawa, na vinywaji vyepesi vinaruhusiwa mpaka zibaki saa 2, hospitali nyingine hata saa 1. Waulize wao wanafuata ipi, kwa sababu kumwambia mtoto wa miaka 6 akae bila hata maji tangu usiku mara nyingi si lazima. Ila uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Nimewahi kusikia mama akisema kwa nia safi kabisa, "hajala kitu, amekunywa uji tu", na ratiba nzima ikabomoka. Kinywaji chepesi ni maji, au chai ya rangi yenye sukari isiyo na maziwa.

Omba awe wa kwanza kwenye orodha ya asubuhi. Sema wazi ni mtoto mwenye usonji anayejiumiza akikosa chakula chake. Hiyo ni sababu ya kitabibu, huombi upendeleo. Halafu usiruhusu asubuhi hiyo ifanane na asubuhi nyingine. Kikombe cha buluu kipotee tangu jana yake jioni, kisionekane hata kabatini. Mkiweza, laleni kwa ndugu aliye karibu na hospitali, kwenye nyumba ambayo jiko lake halijui. Anafungua macho, anavalishwa, mnatoka moja kwa moja nje, hakuna anayekula mbele yake, na mdogo wake abaki na bibi. Kikombe kiwe ndani ya mkoba wako, na uji kwenye chupa ya chai, kwa ajili ya atakapoamka na kuruhusiwa. Na akikuponyoka akadokoa andazi la mtu, sema. Kuahirishwa kunakera, lakini kuficha kunaweza kumuua. Kama ameshaanzishiwa dawa za kifafa, uliza dozi ya asubuhi hiyo. Mara nyingi inatakiwa anywe na maji kidogo, isirukwe.

Kumwandaa kuanze leo. Piga picha za njia nzima, geti la hospitali, korido, mlango wa chumba, maski, kitanda, kisha nyumbani, umwonyeshe kila jioni kwa mpangilio ule ule. Omba maski moja mkaichezee nyumbani, mwekee mdoli, jiwekee wewe, kisha yeye mwenyewe sekunde moja, akikubali mpe anachopenda na uishie hapo. Halafu chukua karatasi moja, uandike kwa sauti yake, kwa mfano: "Siongei sana lakini nasikia. Nikisema sitaki, niache kidogo kisha jaribu tena. Usiniguse kichwa ghafla. Naogopa koti jeupe, tafadhali livue kabla hujanikaribia. Nikiziba masikio, kelele zimenizidi. Mama asiondoke mpaka nilale." Toa nakala, mpe kila atakayemshika. Kuvua koti hakumgharimu daktari kitu, na nimeshuhudia likivuliwa, mtoto akatoka chini ya kiti mwenyewe.

Omba pia msikae kwenye benchi la korido lenye watu na televisheni. Subirini nje chini ya mti, mpigiwe simu zamu ikifika. Kama ni lazima achomwe kanula, kile kibomba cha kwenye mshipa, uliza kama kuna krimu ya ganzi ya kupaka mkononi. Ipakwe karibu saa nzima kabla. Au aanze na dawa ya kutuliza ya kunywa au ya puani, kanula iwekwe akiwa ameshalegea. Sumaku ya MRI haina urafiki na chuma, hivyo mvue hirizi yenye bati, bangili, mkanda na kila nguo yenye zipu mkiwa bado nyumbani, msije mkavutana naye mlangoni.

Na kwa kuwa atalala, usingizi huo utumike. Uliza mapema, si asubuhi ile, kama wanaweza kumtoa damu ya vipimo vyote, kumwangalia meno na masikio, hata kumkata kucha na kumnyoa. Kama EEG ya usingizi wake ilishindikana, uliza kama nayo inaweza kupangwa siku hiyo hiyo. Mtoto wako hajawahi kukubali daktari wa meno atazame mdomo wake, au nimekosea? Basi ndiyo nafasi yenyewe.

Akiamka usitegemee tabasamu. Watoto wengi hulia, hupiga mateke, hawamtambui mtu, na inaweza kuchukua nusu saa. Taa zipunguzwe, sauti ziwe chache, kanula itolewe mapema iwezekanavyo, na wewe uwepo. Msiondoke mpaka ameamka vizuri, amekunywa na amekaa bila kuyumba. Safari ya kurudi kuwe na watu wazima wawili, mmoja anamtazama yeye tu, kichwa kisianguke kifuani. Bodaboda hapana. Ikiwa kipimo ni Dar es Salaam, laleni huko, basi la Tanga mpande kesho yake. Siku chache usingizi na hasira vinaweza kuvurugika, kisha anarudi kwenye hali yake. Ila akilala asiamshike, midomo ikabadilika rangi, akapumua kwa kukoroma kusiko kwa kawaida au akatapika mfululizo, rudi hospitali hapo hapo.

Kesho nenda au piga simu hospitali uulize nani atakayemlaza, na kama atakaa naye mwanzo hadi mwisho. Wakikutajia mtaalamu wa usingizi, omba kuonana naye kabla ya tarehe, uende na ile karatasi na baba yake. Kama hakuna anayejua, mwombe daktari wako rufaa ya hospitali kubwa yenye huduma hiyo, kama Muhimbili, na umwonyeshe video ili aamue kama dawa za kifafa zianze wakati mnangoja. Akianguka tena mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Mtetemeko ukivuka dakika 5, tarehe ya kipimo iache, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Shangazi